Karatasi za Nguzoni

Huku kwetu Gornovo, kusini mwa Bulgaria,
wafu hubandikwa.
Mlangoni kwanza, kisha nguzo ya umeme,
kisha kituo cha basi na kioo cha duka la mikate:
picha, jina, na maneno
ambayo mashine yangu inayajua kwa ghibu.

Ukingo mweusi kwa Mkristo, kijani kwa Mwislamu,
buluu kwa kijana aliyekufa hajaoa.
Buluu siipendi. Chupa moja imenikalia miaka sita
na kila nikiitikisa naomba iwe imekauka.

Nimechapa wema wa mji mzima.
Ukiziamini nguzo zetu,
hapa hajapata kufa mtu mbaya.

Wafiwa hurudi siku ya arobaini,
hurudi mwaka, na mwaka, na mwaka,
na picha ni ile ile. Mwendazake hazeeki.
Anayezeeka ni yule anayeileta.

Zdravka, mjane wa Gancho fundi lifti,
mara ya kwanza aliletwa na mashemeji wawili
wamemshika viwiko.
Wao walisema, mimi nikapanga herufi:
"Mume mwema. Baba mpole. Rafiki wa wote."
Yeye alikuwa akiutazama mkasi wangu.

Mwaka wa pili alikuja peke yake.
"Toa mpole," akasema.
Nikatoa.
Wa tatu akatoa rafiki wa wote,
maana Asparuh wa ghorofa ya nne
hajaisamehe lifti ile hadi leo.
Wa nne likabaki jina, na weupe mtupu.
Nikamwambia, mama, bei haipungui.
"Najua. Iache ipumue."

Kisha akaanza kurudisha. Si yale. Mengine.
"Alipiga mluzi akinyoa ndevu."
Hilo tu, katikati ya karatasi.
Mwaka uliofuata:
"Nikimenya pilipili za kuchoma, alikula maganda."
Na wa saba, ambao padri alikuja kuniuliza kama nimelewa:
"Alinizaba kofi mara moja, mwaka wa theluji kubwa.
Aliomba radhi mara moja."
Nikamwonyesha padri mwandiko wa mama mwenyewe.
Watu walisimama nguzoni na mifuko yao ya vitunguu,
wakasoma, wakaendelea kusimama.

Wa nane: "Mluzi ule uliniudhi."
Wa tisa: "Leo ningeulipia."
Wa kumi hakuandika neno. Alileta picha nyingine,
Gancho amefumba macho, anacheka,
nusu ya uso imo kivulini mwa mtu anayepiga picha.
Kivuli kina sketi.

Mwaka huu amekuja binti, Rositsa, kutoka Valensia,
macho mekundu kwa safari, simu haimtoki mkononi.
Picha mbili ubavu kwa ubavu, nakala arobaini.
"Weka tu yale ya kawaida.
Mke mwema, mama mpole..."
Kidole changu kikagoma juu ya herufi.

Sina haki. Mimi ni mpiga chapa.
Nikavuta droo ya chini, ile inayokwama,
nikamtandazia mezani karatasi kumi za baba yake,
nikaenda nyuma kuchemsha maji
ambayo hakuna aliyeyaomba.

Alisoma amesimama. Basi la saa sita likampita.
Nikamsikia akicheka, halafu sikusikia kitu.
Niliporudi alikuwa ameketi kiti cha wateja,
koti limefungwa hadi kooni.

"Alikuwa akificha chokoleti ndani ya cherehani," akasema.
"Nilikuwa naiiba. Alikuwa anajua."

Niandike?

Akaziangalia zile karatasi, moja moja, akirudi nyuma,
kutoka kicheko hadi mume mwema.

"Andika kwamba aliificha," akasema.
"Hilo la pili, mwaka ujao."