Mkalimani wa Chumba cha Kumi na Nne

Nalipwa kwa saa, nami si hakimu.
Kazi yangu ni kuvusha maneno
kama avushaye mayai juu ya barafu:
yafike ng'ambo, yasipasuke.

Winnipeg, mwezi wa kwanza. Nje baridi inang'ata masikio.
Ndani, Dakta Thorunn ameshika karatasi ya vipimo,
na Bibi Harbhajan kitandani
anavuta punje za tasbihi, moja, moja.

Mlangoni mwanawe Gurnam, dereva wa malori,
alikuwa amenikamata kiwiko:
"Usimwambie. Kwetu mgonjwa habebeshwi jeneza lake.
Tunalibeba sisi. Sema ni vidonda vya tumbo."

Dakta hajui Kipunjabi, lakini nyuso anazisoma.
"Mwili ni wake, ukweli ni wake.
Haki haina pasipoti,
haivuliwi mpakani kama viatu."

Nikavusha. Gurnam akacheka, kicheko kikavu:
"Haina pasipoti? Mbona basi
kila ikija inashuka na ndege zao,
inasema kwa lafudhi yao?"

Hilo sikulivusha.

Chuo cha jioni walitufundisha kambi mbili:
hawa, jema ni jema, Amritsar hata Aislandi,
kama mbili na mbili;
wale, kila watu na kipimo chao,
cha kwetu pishi, cha kwenu kilo.
Nilipata alama themanini na moja.
Hakuna swali lililokuwa na mama wa mtu kitandani.

Maana kama kila kipimo ni halali kwao,
nani atamwambia yule baba wa mtaa wa pili
kwamba kumfungia binti chumbani
si mila, ni kufuli?
Hapo nami nataka sheria isiyobisha hodi.
Na kama kipimo ni kimoja tu,
nani alishika mizani
siku kilipopigwa chapa?

Bibi akaniita kwa kidole. Nikainama.
"Binti, nimezika mume na dada wawili.
Tumbo langu nalijua kuliko mashine yao.
Ila usimwambie Gurnam kwamba najua.
Hajazoea kulia."

"Amesema nini?" Dakta.
"Amesema nini?" Gurnam.

Lugha mbili kinywani, zote zina neno la uongo,
zote zina neno la huruma,
na hakuna iliyonipa jina
la kitu nilichoombwa.

Nikatazama dirishani. Kijana mmoja
anasukuma gari la mtu asiyemjua, limekwama thelujini.
Hajamuuliza anaamini nini.
Nikataka hilo liwe jibu,
lakini magurudumu yalizunguka tu, yakirusha tope.

"Anaomba chai," nikasema,
mara mbili, kwa lugha mbili.
Saa yangu ilibakiza dakika kumi na tisa.
Gurnam akafungua chupa, iliki ikajaa chumbani.
Tukanywa wote wanne.
Ilikuwa imepoa.