Herufi K

Kwenye kompyuta yangu ya Nyawera, k haiandiki.
Iling'oka siku ya mvua, nikaitafuta chini ya meza,
nikapata pini mbili na kifuniko cha kalamu.
Mwenye duka akasema: achana nayo,
Kifaransa hakiihitaji sana.

Kweli. Maombi ya kazi huandikwa kwa Kifaransa:
Bwana Mkurugenzi, nina heshima ya kukuandikia...
Barua faranga elfu moja, wasifu elfu mbili,
picha ulete mwenyewe.
Lakini waombaji wanatoka wapi?
Kadutu. Kabare. Kavumu. Kalehe.
Bukavu yenyewe ina k katikati
kama jiwe ndani ya wali.
Basi naichukua k kwenye barua ya jana,
naibandika, moja moja,
kama mtu anayeshona vifungo vya shati la shule.

Nina lisansi ya maendeleo ya vijijini.
Imo ndani ya plastiki, ndani ya bahasha, chini ya godoro,
imenyooka kuliko mgongo wangu.

Tangazo likibandikwa kwenye geti la shirika,
nafasi moja, uzoefu miaka mitano,
nimelijua kabla ya adhuhuri:
watu arobaini wanakuja nalo, limeandikwa kiganjani.
Nawapangia aya, nawasahihishia tahajia,
washindani wangu,
na jenereta likizimwa usiku, barua yangu mimi
bado ni jina na tarehe.

Alhamisi aliingia M'Rwabika, kamba bado iko kwenye paji la uso.
Hospitali inatafuta mtu wa ghala.
Nikamuuliza: uzoefu?
"Andika: nabeba."
Unabeba nini, mama?
"Unga wa muhogo. Makaa. Simenti.
Kutoka Muhanzi hadi soko la Kadutu, mlima wote,
miaka kumi na minane. Siku moja nilibeba mlango."
Nikaandika kwa Kifaransa kizuri: usafirishaji wa bidhaa.
Akataka nimsomee. Nikasoma.
"Futa. Huyo si mimi. Andika nabeba."
Kwa Kiswahili?
"Kwa Kiswahili. Wao watafute wa kuwasomea."

Neno lenyewe halina k hata moja.
Lilitoka haraka, bila kusimama,
vidole vyangu vikashangaa.
Alilipa mia saba, akasema nyingine Jumamosi.
Jumamosi hakuja.

Sijui kama walimpigia.
Najua tu kwamba usiku ule sikuzima.
Nilifungua barua yangu, jina na tarehe,
nikashuka hadi palipoandikwa Uzoefu,
pale ambapo kwa miaka mitatu nimeweka nukta tatu,
nikaanza: naandi

Nikasimama.
Nikafungua barua yake,
nikaikata k ya Kadutu, nikaileta.