Kusoma Kinyumenyume

Chumba cha kusomea cha makavazi, Paramaribo.
Kalamu ya wino ni haramu humu. Nimepewa penseli
fupi kama gumba, na mto wa kukilaza kitabu,
kana kwamba kitabu ndicho kilichochoka.

Shangazi Ludwina alinionya:
"Usichokonoe. Babu yako seremala,
baba yake seremala. Yatosha."
Kisha akanipa nauli, na mkate wa muhogo
aliouviringisha katika gazeti la juzi.

Safu ya kwanza, jina. Ya pili, jinsia. Ya tatu, mama.
Safu ya baba haikuchorwa.
Karani alikuwa na mwandiko mzuri, siwezi kumnyima hilo:
herufi zimelalia upande mmoja kama mpunga wenye upepo,
na hakuna mahali mkono wake ulipotetemeka.

Afiba, mwanamke, kazi ya miwa.
Wanawe: Kwasi. Yaba, aliyekufa kwa surua.
Na wa mwisho, waliyemwita Zawadi kwa Kiholanzi,
akatolewa zawadi kweli, mwezi Machi,
binti wa bwana alipoolewa.

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Nimeyasema maneno hayo kila mwisho wa mwezi
nikihesabu vidonge na chupa za dawa ya kikohozi.
Leo yamenigeukia. Mali ndio hawa.
Daftari ndilo hili.
Habari ndiyo iliyopotea.

Bwana Wongsodi, mtunza makavazi, akapita na kigari chake.
Bibi yake aliletwa kutoka Java kwa mkataba,
herufi mbili na namba, basi.
"Wako angalau ana jina," akaninong'oneza,
nami sikujua kama ni pongezi au pole.

Kisha kitabu cha pili, mwaka wa uhuru.
Fidia imelipwa, gulden mia tatu kwa kila kichwa,
na vichwa vyenyewe havikuonja senti.
Nikanakili jina la mlipwaji: Dormel.
Nikafunua ukurasa. Wino ulikuwa umepenya,
na dirisha likiangaza nyuma ya karatasi
nikalisoma jina kutoka mkiani:

Lemrod.

Jina lililochongwa kwenye kisanduku cha randa cha babu.
Jina kifuani pangu, kwenye beji ya duka la dawa.
Jina mgongoni mwa mpwa wangu, jezi namba nne, kule Rotterdam.
Hawakutaka tuwe na jina la bwana,
wala hawakuona haja ya kutafuta jingine.
Walilipindua kama koti kuukuu,
bitana nje, wakatuvika.

Nilirudi kitabu cha kwanza, kuaga tu.
Na pembeni kabisa, safu ya maelezo,
miaka mitano kabla ya uhuru,
mwandiko uleule wa kulala:
Afiba. Hayupo. Wiki sita.

Hakuna kijito kilichotajwa. Hakuna aliyemficha.
Karani, aliyejua uzito wa kila pipa la sukari,
hakujua alikula nini, alilalia ubavu gani,
nani alimwita usiku, na kwa jina lipi.
Wiki sita nje ya daftari.
Nikaweka penseli chini. Sikunakili kitu.

Jioni shangazi akapiga simu.
"Haya, umepata nini?"
"Wiki sita," nikasema.
Akanyamaza. Nikasikia sufuria ikichemka upande wake,
kifuniko kikigonga, kikigonga.
"Na mkate," akauliza, "uliula wote?"