Darasa la Tano B

Kanazawa walinifundisha kufungua pampu ya maji
na kuifunga tena bila skrubu kubaki mkononi.
Jumapili nilitembea.
Mtaa wa wapiganaji wa zamani una kuta za udongo,
udongo, nasema, kama wa tembe la bibi kule Bereko,
na wamezivika mikeka ya majani
theluji isije ikazing'ata.
Nilisimama pale hadi vidole vikafa ganzi.
La bibi tulilibomoa, mwaka ule wa bati.

Hekaluni nilivua viatu.
Soksi ya kushoto ilikuwa na tundu, nikakunja kidole.
Kikongwe aliyekuwa akifagia,
jani moja, jani jingine, kama anayehesabu deni,
akaniuliza kwa kinywa cha mkalimani:
Na kwenu, cha kale mnacho?
Kwetu ni ukame, mama, nikasema.
Ukame, na vumbi, na zabibu kidogo.
Akainamisha kichwa
kana kwamba nimemtajia msiba.

Jibu lile lilipanda ndege nami.
Dodoma likaketi mezani, likala ugali wangu wa uwele,
mpaka siku nilipomchukua binti yangu Nuru
na chupa mbili za maji,
tukapanda basi la Kondoa, tukashuka Kolo.

Bi Zaituni, mwongozaji, haangalii njia;
nyayo zake zinaijua.
Shika hapa. Hapo usishike, pana nyigu.
Jua limenikalia begani kama mtoto mwenye homa.
Kisha mwamba ukainama, ukatupa kivuli,
na hao hapo:
wekundu, warefu, wembamba,
vichwa vimefura kama mizigo ya kuni.
Mmoja wa kati ameshikwa mikono,
wawili huku, wawili kule,
na hakuna ajuaye kama wanamnyang'anya au wanamwokoa.
Bi Zaituni hajui.
Wala hakujifanya anajua.

Baba, huyu pofu ana jina.
Nuru anasoma, kidole hewani, hakigusi:
ATHUMANI ISERE DRS LA V B.

Lori la ushirika. Mihogo ya kuchemsha kwenye ndoo.
Mwalimu amelala, kofia usoni.
Na msumari, ee Mola, msumari
niliouchomoa kwenye ubao wa lori
nikautia mfukoni tangu asubuhi,
sijui wa nini.

Kumbe nilishafika.
Nilifika, nikaandika, nikasahau.

Nikalowesha leso.
Bi Zaituni akanidaka kifundo cha mkono:
Ukilifuta hilo, utamfuta na mnyama.
Nimetoka mbali kutafuta,
na kufuta nimekatazwa.

Ni ndugu yetu? Nuru akauliza.
Nilitaka kusema ni wa ukoo mwingine,
Waisere wako wengi.
Nikaketi, nikalegeza kamba za viatu,
nikavua, na soksi nikavua.
Mwamba ulikuwa wa moto.
Sikukunja kidole.