Daftari la Los Kilindini

Tulianza na kaseti iliyosahauliwa chumba nambari arubaini na saba,
hoteli ya Shanzu, mwenyewe keshapanda ndege.
Mwinyikai, aliyekuwa akitandika vitanda,
akaileta Kisauni ndani ya foronya.
Betri zilikuwa taabani, sauti ikajikokota
kama mtu atembeaye majini.
Tukaambulia neno moja: korasoni.
Dzombo akasema hilo ni tangazo la sabuni.

Mwenye daftari nilikuwa mimi.
Niliandika nilichosikia kwa herufi zetu zilezile,
a, e, i, o, u, hakuna iliyogoma.
Kiingereza shuleni kilitutegua taya;
hiki kiliingia kinywani kama tende.
Usiku nikahesabu mizani kwa vidole:
nane, nane, tena nane,
nusu kamili ya mshororo wa marehemu baba,
aliyeapa kwamba gitaa halitavuka kizingiti chake.
Sikumwambia mtu.

"Los" tuliichuna kwenye kopo la sadini.
Kilindini tulikuwa nayo.

Mama yake Eshe alitushonea mashati mekundu
kwa pazia la sinema iliyofungwa,
mikono ina malinda, kwapa zinabana.
Ijumaa tukapewa ukumbi kando ya bwawa.
Wajerumani walicheza, Waitaliano wakatusahihisha,
na hakuna aliyeuliza tunasema nini,
sisi wenyewe tukiwa wa mwisho kujua.
Kanda tulirekodi mia tatu, chumbani kwa Firoz,
magodoro yameegemezwa ukutani.
Ukisikiliza vizuri upande wa pili, baada ya wimbo wa tatu,
utamsikia mwenye nyumba akibisha.

Kisha nikatunga wangu.
Nilichukua maneno niliyopenda mlio wake,
nikayapanga kwa vina kama alivyonifunza baba,
maana nikaiacha ije yenyewe ikitaka.

Ikaja na meli ya jodari.
Mabaharia saba, nywele zimekauka chumvi,
na mpishi wao, mzee wa vidole vifupi,
aliyekaa karibu na spika bila kuagiza kitu.
Eshe alipomaliza, akanifuata nyuma ya jukwaa.
Kiswahili chake kilikuwa cha gatini, cha kununua vitunguu.
Akasema: Wewe naambia dirisha, nisamehe,
mvua mjane, usifunge.
Akasema: Kwetu hakuna mtu nasema hivi.
Nikadhani anatucheka.
Akajifuta uso kwa kofia, akaomba turudie.
Tukarudia mara nne. Meneja akazima taa.

Baada ya hapo, sijui nieleze vipi,
tuliogopa kidogo kuimba.

Mwaka wa vurugu za Likoni wageni wakakatika,
bwawa likaota ukijani, mkataba ukafungiwa vitumbua.
Firoz akahamia Toronto, akatuma kadi moja yenye theluji.
Mwinyikai tulimzika Tiwi, mwezi wa sita, kunanyesha;
shati jekundu tulilikuta chini ya mto wake.
Eshe anauza mabuibui Marikiti,
na akipima kitambaa kwa mkono
midomo inamcheza, hesabu yake si ya yadi.
Dzombo ananyoosha mabati ya magari Changamwe.
Bado anawahi mdundo.

Juzi binti yangu, anayesomea Kihispania chuoni,
alilifukua daftari kabatini.
Akakaa nalo barazani, kalamu nyekundu mkononi:
hapa pana kosa, baba, na hapa, na hapa,
hili si neno kabisa, hili ni jina la dawa.
Nikamwachia. Nikamenya chungwa langu.
Alipofika kwenye dirisha
kalamu ikanyanyuka, ikabaki hewani.
Akasoma kimya. Akasoma tena.
Baba, ulikuwa unamaanisha nini?

Nane, nikamwambia.
Akanitazama.
Hesabu uone.