Asilimia Mbili

Kila mwisho wa mwezi naikagua hati ya mshahara
kama mtu anayekagua jipu.
Bima. Pensheni. Mkopo wa bati.
Halafu mstari mwembamba, chini kabisa:
ada ya chama, asilimia mbili.
Miaka tisa nimeunung'unikia mstari huo.
Ni kilo ngapi za sukari, nilisema,
na ninachorudishiwa ni fulana ya Mei Mosi
isiyonitosha kifuani.

Mwezi wa pili, huku Chitemo,
uwele shambani bado uko kiunoni, vihenge vinatoa mwangwi,
nilikuwa nafundisha asilimia Darasa la Tano.
Nikamwaga mezani punje mia za uwele,
nikageuka kuandika ubaoni.
Nilipozihesabu tena: tisini na moja.
Hakuna aliyetafuna. Nyuso arobaini, kimya.
Ila Malugu, mwana wa mchoma mkaa,
alikuwa anatazama dari,
na darasa letu halina dari.

Jina lake lilikuwa kwenye orodha.
Niliiandika mimi, kwa mwandiko wangu mzuri:
wasioleta debe la nafaka wasipewe uji,
wasimame nje hadi kengele.
Agizo lilitoka kamati, likapita kwa mkuu,
likanifikia likiwa limepoa,
nami nikalibandika ukutani kama ratiba.

Yudithi Chidawali ndiye mwakilishi wetu wa chama.
Anafundisha sayansi, hapotezi maneno.
Alituita saa tisa, Darasa la Kwanza;
tukakaa kwenye viti vya watoto, magoti yakigusa videvu,
walimu kumi na mmoja.
Ajenda moja: orodha.

Mwalimu Nghumbi, amebakiza miezi saba astaafu,
alisimama kwa shida.
"Chama ni cha madaraja na malimbikizo.
Uji una wenyewe."
Tukaguna kukubali. Mimi pia niliguna.

Yudithi akafungua kijitabu cha katiba,
akakifunga bila kusoma.
"Jana ulifundisha vipindi vingapi, mwalimu?"
"Sita."
"Wangapi walikuwa macho?"
Upepo uliingia na vumbi lake, ukatoka.
"Basi hayo," alisema, "ndiyo mazingira yangu ya kazi.
Sina mengine ya kudai."

Kura: wanane ndiyo, wawili hapana,
na mmoja alikuwa anatafuta kalamu.
Aliyetafuta kalamu ni mimi.

Barua yetu ilienda Dodoma mjini na basi la alfajiri,
ndani ya bahasha iliyokwishatumika,
jina la zamani limefutwa kwa wino.
Iliyomjia yeye ilikuwa na mbio zaidi:
ajieleze, ndani ya siku saba,
kwa nini asichukuliwe hatua.

Siku ya kikao alifika katibu wa chama wa wilaya,
kijana mwenye suti iliyopauka kwa vumbi la njiani
na faili alilolipakata kama kichanga.
Alikaa kiti cha pembeni yake. Hilo tu.
Sikujua kiti kinaweza kusema vile.

Na mlangoni, bila kualikwa na mtu,
akina mama sita, mmoja na upawa mkononi.
Mama Malugu, kucha nyeusi kwa mkaa,
aliomba kusema kwa Kigogo,
na mwenyekiti, Mgogo mwenzake wa kuzaliwa,
akaomba mkalimani.
Tulicheka hadi naye akacheka.
Baada ya hapo hakuna aliyeitetea orodha kwa sauti.

Niliibandua mwenyewe.
Ukutani pamebaki mraba mweupe, na gundi.

Sitasema njaa iliisha.
Unga uliisha, katikati ya Machi,
kwa wenye debe na wasio na debe,
na mvua zilikuwa zimetukatia kona.
Yudithi ameanza barua nyingine, ya vyoo vya wasichana.

Jana nimeikagua tena hati.
Asilimia mbili, mahali pake.
Nimenung'unika, kwa mazoea.
Kisha nikaenda kutia saini ile barua.
Kalamu nilikuwa nayo.