Bei ya Tofu

Zamani walikuja mmoja mmoja, kama mafua ya watoto:
Jumatatu wa zimamoto, akigonga mtungi kwa ukucha,
Jumatano wa mizani, Alhamisi wa maji taka,
na wa afya siku yoyote aliyoamka na njaa.
Kila mmoja na muhuri wake, na kikohozi chake
cha kumkumbusha Qiu Suzhen
kwamba mkono mtupu haulambwi.

Saa nane za usiku, Guizhou ikiwa bado ukungu mtupu,
alisaga soya kwa ajili ya mji,
na kipande cha pembeni, kile laini kuliko vyote,
akakifunga kwa jani la yungiyungi
kwa ajili ya Bwana Pang wa mizani.
Miaka kumi na moja.

Mwaka huu wilaya imenunua kompyuta
isiyokula.
Mwezi ukiandama inachanganya majina kama karata:
duka hili, mkaguzi yule, hawajuani.
Wakija wanakuja pamoja, mara moja, orodha mkononi,
na walichokiona hubandikwa ukuta wa soko
asome hata muuza vitunguu.

Aprili karata ikamwangukia Suzhen.
Wasichana wawili na kijana wa miwani.
Wamekataa hata chai. Chai!
Wakainama chini ya sinki, wakapima, wakaandika:
mizani inapunja gramu tisa.

Gramu tisa. Miaka kumi na moja ya muhuri mwekundu,
na mizani ikiiba mchana kweupe,
naye hakujua. Au alijua kidogo,
kama mtu ajuavyo jino bovu lisilouma.

Wiki nzima tofu ililala, ikaliwa na nguruwe wa jirani.
Akailaani kompyuta.
Akanunua mizani mpya.

Jana, kwenye foleni, nyuma ya mjukuu wa fundi viatu,
alisimama Bwana Pang, bila sare,
mikono ikitafuta pa kukaa.
Zamu yake ilipofika akatoa noti, akairudisha,
akatoa nyingine, kisha akauliza kwa sauti ndogo:
“Hivi, huwa ni kiasi gani?”

Kisu cha Suzhen, kwa mazoea, kilikwenda pembeni.
Kikasita.
Kikakata katikati, kama kwa watu wote.

Wakainama wawili hao juu ya mizani
wakisubiri sindano itulie.